Karanga Kinywani, Karanga Ngozini

Kila siku Fusae aliyaona mashavu ya mjukuu wake, lakini hakutambua yalikuwa yanamwambia nini. Ilimchukua miaka kuelewa, na alipoelewa, mashavu yenyewe yalikuwa yamepona zamani.

Wakati huo Nagisa alikuwa mchanga wa miezi mitatu. Ilikuwa majira ya baridi huko Yachimata, mji wa wakulima wa karanga. Karanga zilikuwa zimekauka shambani na kuletwa nyumbani kwa magunia. Fusae, mjane aliyelima shamba lile tangu ujana wake, alikaa sebuleni kama alivyokaa kila mwaka, miguu yake chini ya meza fupi yenye kipasha joto, akabangua. Maganda yaliangukia upande huu, punje upande ule. Vumbi jekundu la karanga lilitanda juu ya mikeka, juu ya meza na juu ya mikono yake.

Mtoto alilazwa ubavuni mwake, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na joto. Akilia, Fusae alimpapasa mashavu kwa kiganja. Akinyamaza, alirudi kwenye karanga zake.

Jirani yake, Umeno, alikuja mara kwa mara kumsaidia kubangua na kumaliza chai.

"Mbona mashavu ya mtoto yamechubuka hivi?" Umeno aliuliza siku moja. "Kama mtu aliyepigwa kofi."

"Upepo wa kaskazini huo," Fusae alijibu. "Hata babake alikuwa hivi hivi."

"Babake mpaka leo hana sura ya kusifiwa."

"Wewe! Mwanangu huyo unayemsema."

"Ndiyo maana nasema kwa upole. Mpake mafuta basi, huyu msichana."

"Nampaka kila siku."

Ni kweli alimpaka kila siku. Alimpaka kwa mikono ile ile, iliyotoka kwenye karanga.

Mama wa mtoto aliitwa Shiori. Alikuwa mke wa Kiyotaka, mwana wa pekee wa Fusae, na wote waliishi katika nyumba moja. Shiori alikuwa amesoma katika kitabu cha zamani cha malezi kwamba mtoto asipewe karanga mpaka atimize miaka mitatu. Fusae alikubaliana naye. Katika jambo hilo mkwe na mkaza mwana hawakugombana hata siku moja. Karanga haikugusa ulimi wa Nagisa. Waliulinda mdomo wake kwa uangalifu mkubwa, wakaamini wamemlinda yeye mzima.

Nagisa alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, alikiokota kijiko mezani akakilamba. Kilikuwa kimetumika kuchotea miso, rojo ya soya, iliyochanganywa na karanga, kitoweo ambacho hakikosekani katika nyumba za Yachimata. Kabla chai haijapoa, midomo yake ilivimba. Akatapika. Akaanza kupumua kwa mlio, kama filimbi iliyopasuka. Gari la wagonjwa lilimwahi.

Daktari aliwaambia kwamba mtoto ana mzio wa karanga. Mwili wake huiona karanga kuwa adui. Ikiingia hata kidogo, mwili hupigana nayo kwa nguvu nyingi mno, na vita hivyo huweza kumuua mwenyewe.

Baada ya wiki chache Kiyotaka alipanga nyumba ndogo karibu na stesheni, akaihamishia familia yake.

"Mama, siwezi kumlea kati ya magunia," alisema akifunga masanduku. Hakumtazama mama yake machoni.

"Nani amekuambia uweze?" Fusae alijibu. "Nendeni. Ila acheni godoro lake. Siku moja atalala hapa."

Umeno alipopata habari alitikisa kichwa. "Mjukuu wa mkulima wa karanga hawezi kuingia nyumba ya karanga! Ni kama mtoto wa muuza sake kulewa kwa kunusa chupa."

Fusae alicheka, kwa kuwa ulikuwa mzaha mzuri. Umeno alipokwisha kuondoka, alilikunja lile godoro dogo, akaliweka kabatini. Kila majira ya joto alilitoa na kulianika juani. Hakuna aliyelilalia.

*

Nagisa alipotimiza miaka mitano, Shiori alikuja shambani peke yake kumletea Fusae habari. Walikaa barazani, mbali na magunia.

"Mama, hospitali tunayompeleka Nagisa ina utafiti. Wanawapa watoto wenye mzio unga wa karanga, kidogo sana, kila siku. Kisha wanaongeza polepole."

Fusae aliweka kikombe chini. "Wanampa mtoto sumu yake mwenyewe? Wamerogwa?"

"Chembe tu, Mama. Kama vumbi kwenye ncha ya ukucha. Mwili unazoea taratibu. Dozi ya kwanza, na kila wanapoiongeza, ni hospitalini mbele ya daktari."

"Sasa kama wanajua dawa, wanatafiti nini?"

"Bado hawana hakika kiasi gani kinafaa zaidi. Dozi ndogo ina hatari ndogo, lakini je, inatosha? Hilo ndilo wanalolipima."

"Na mkikataa?"

"Hatupotezi kitu. Atatibiwa kama kawaida. Na tukikubali, tunaweza kujitoa siku yoyote. Niliwauliza mara mbili, muuguzi akacheka."

"Atapona?"

"Hawaahidi hivyo. Wanasema, pengine siku moja akila karanga kwa bahati mbaya, asife. Hilo tu."

"Basi ataweza kuja kulala hapa?"

"Labda, Mama. Labda mwakani."

Fusae alilishika neno hilo, "mwakani". Yale mengine yote aliyasikia, lakini hilo alilishika.

Shiori alimweleza pia masharti. Nagisa hapewi dozi akiwa na njaa, homa au kikohozi. Baada ya dozi anapumzika kwa muda wa saa mbili. Hakimbii, haruki kamba, hatokwi jasho. Sindano yake ya dharura hukaa mlangoni, ndani ya mfuko mwekundu. Anaoga kabla ya dozi, si baada yake. Fusae aliitikia kila sharti. Mengine aliyaelewa vizuri. Hili la kuoga alidhani ni mpango tu wa nyumbani, kama mtu anavyosema kula kwanza ndipo uoshe vyombo.

Utafiti ulianza. Kwa mwaka mzima dozi ya Nagisa ilipanda bila taabu kubwa. Mara mbili tumbo lilimuuma, mara moja mdomo ulimwasha. Shiori alijifungua mtoto wa pili, mvulana, wakamwita Wataru. Fusae alijifunza kuwatembelea kwa utaratibu mpya. Kabla ya kutoka shambani alioga, akanawa nywele, akavaa nguo zilizowekwa ndani ya mfuko uliofungwa.

"Unakwenda kuposwa?" Umeno alimtania akimwona njiani.

"Nakwenda kwa mjukuu."

"Hata marehemu mumeo hukumwogea hivyo."

*

Ikafika siku ile ya Desemba ambayo giza lake ni refu kuliko la siku zote za mwaka. Siku hiyo watu hutia matunda ya yuzu, jamii ya malimau, yaelee katika maji ya moto ya kuogea. Harufu yake hujaza nyumba, na wazee husema anayeoga maji hayo hapatwi na mafua mwaka mzima. Fusae alikuwa na mti wa yuzu nyuma ya nyumba. Alichuma matunda makubwa, akayasugua kwa maji, akapanda basi kwenda kwa mjukuu wake.

Alimkuta Shiori mlangoni, Wataru mgongoni, kofia mkononi. Wataru alikuwa na ukurutu. Ngozi ya mashavu na viwiko vyake ilikuwa nyekundu na yenye magamba, naye alijikuna hata usingizini. Shiori alikuwa anampeleka kwa daktari wa ngozi.

"Afadhali umewahi, Mama. Kliniki wamenipa nafasi ya jioni hii, sikuwa na la kufanya. Nagisa ametoka shule, amekula, na dozi nimempa sasa hivi. Akae tu. Kuoga kungoje mpaka nirudi."

"Sawa, mwanangu. Nenda, mtoto atapigwa na baridi."

Nje mvua ya baridi ilianza kunyesha. Fusae na Nagisa walichora paka, wakala machenza. Shiori akapiga simu: kliniki ilikuwa imejaa, angechelewa. Nagisa alitoka kwenda barazani kuitazama mvua, akarudi mikono ikiwa baridi kama samaki.

Mtoto aliyepatwa na baridi hutiwa katika maji ya moto. Hivyo ndivyo Fusae alivyolelewa, hivyo ndivyo alivyolea. Akalijaza maji hodhi la kuogea, akatia humo matunda yake, na nyumba nzima ikanukia.

"Mama amesema nisubiri," Nagisa alisema. Lakini alikuwa amekwisha kuvua soksi moja.

"Mama yako amesema usikimbie. Umewahi kumwona mtu anakimbia ndani ya hodhi?"

Nagisa alicheka. "Bibi, utaingia na mimi?"

"Nani atakukanda mgongo nisipoingia?"

Fusae hakukusudia kulivunja sharti. Aliamini analitimiza. Mtoto ameambiwa apumzike, na kwake yeye hakuna pumziko lililozidi kukaa katika maji ya moto mpaka shingoni. Tena dozi ilikuwa imeliwa tangu saa nzima iliyopita. Na juu ya yote, hakuwa ameoga na mjukuu wake tangu familia ilipohama.

Walijisugua nje ya hodhi, wakajimwagia maji, wakaingia. Nagisa alilisukuma tunda la yuzu kwa pua, likampiga bibi yake kidevuni. Walicheka mpaka maji yakamwagika.

"Tazama ulivyoiva," Fusae alimwambia. "Mwekundu kama kamba aliyechemshwa."

Naam, alikuwa mwekundu. Kila mtu huwa mwekundu katika maji yale. Ndiyo maana Fusae hakuona kwamba wekundu wa mgongoni ulikuwa na mabaka yaliyoinuka, wala kwamba mtoto alikuwa anajikuna shingo.

"Bibi, koo linaniwasha."

"Ni mvuke. Meza mate."

Nagisa alimeza mate, akakohoa. Akakohoa tena, na safari hii hakuweza kuacha. Fusae alimtoa majini, na hapo, chini ya mwanga wa taa, akayaona mabaka. Yalikuwa yamemjaa tumboni na mapajani. Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba. Kifua kilitoa ule mlio wa filimbi iliyopasuka.

Fusae alimfunika taulo, akamshika mabegani, akasimama. Alijua kuna jambo la kufanya, lakini lilimtoka kichwani lote.

"Sindano," Nagisa alisema kwa sauti nyembamba. "Mfuko mwekundu. Mlangoni."

Fusae alikimbia. Vidole vyake vilikuwa na maji, kifuniko kikamteleza.

"Toa kile cha juu, Bibi. Halafu hapa, pajani. Kwa nguvu. Usiondoe upesi."

Mtoto wa miaka sita alimfundisha bibi yake, huku akitafuta pumzi kati ya neno na neno. Fusae alibonyeza sindano upande wa nje wa paja, akaishikilia. Kisha akamlaza chali, akamwekea mto chini ya miguu, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Lilipofika, mlio wa kifua ulikuwa umepungua. Hata hivyo wahudumu walimchukua, kwa kuwa sindano hiyo nguvu yake huisha, na hali huweza kurudi.

Shiori aliwakuta hospitalini. Alimtazama binti yake aliyelala na mpira wa dripu mkononi, akamtazama mkwe wake mwenye nywele mbichi. Harufu ya yuzu ilikuwa bado iko juu yao wote wawili.

"Nilikuambia, Mama," alisema.

Fusae angeona afadhali kama angepiga kelele.

*

Asubuhi Nagisa alikuwa ameketi kitandani akila uji wa wali. Muuguzi wa utafiti, mwanamke mwenye sauti ya taratibu aliyeitwa Kuroiwa, aliwaita Fusae na Shiori katika chumba cha pembeni. Wataru alilala mapajani mwa mama yake.

Fusae hakungoja kuulizwa. "Mimi ndiye niliyemwogesha. Shiori aliniambia, nami sikusikia. Mniandike mimi."

"Tutaliandika tukio, Mama Fusae, maana huu ni utafiti na lolote linalompata mtoto linaandikwa," Kuroiwa alisema. "Lakini jina lako halitakuwamo. Naomba kwanza nikuulize. Ulipoambiwa apumzike, ulielewa nini?"

"Asiruke. Asikimbie. Nikaona kuoga ndiko kupumzika."

Kuroiwa aliitikia polepole. "Wengi wetu tungefikiri hivyo. Lakini sikiliza. Karanga ile ndogo ilikuwa tumboni. Mwili wa Nagisa umezoea kuipokea kidogo kidogo, akiwa ametulia. Mwili ukipata joto kali, damu huenda mbio na uvumilivu hushuka. Dozi aliyoivumilia jana inaweza kumshinda leo. Maji ya moto yanafanya hivyo. Michezo pia, homa pia, hata kukosa usingizi."

"Kumbe hatukuingia majini tu," Fusae alisema. "Tuliiamsha karanga."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na sasa utafiti umekwisha kwake?"

"La. Daktari ataamua pamoja nanyi. Mkipenda kuendelea, dozi itashushwa sana, kisha tupande tena. Itachukua muda mrefu."

Fusae alielewa maana yake. Ile "mwakani" haikuwapo tena. Mwaka mzima wa mtoto, chembe juu ya chembe, aliumwaga yeye kwa jioni moja.

Wataru aliamka, akajikuna shavu kwa ngumi. Kuroiwa aliinama kumtazama.

"Ngozi hii inatibiwa?"

"Tumepewa dawa jana," Shiori alisema. "Huyu nimeapa. Karanga hataiona mpaka aanze shule. Safari hii hata harufu."

"Ngoja kwanza, Mama Nagisa. Nagisa naye alikuwa na ukurutu alipokuwa mchanga?"

"Kidogo, mashavuni," Shiori alijibu. "Ulipona alipofikisha mwaka."

"Haukuwa kidogo," Fusae alisema. Sauti yake ilibadilika. "Majira yote ya baridi. Nikasema ni upepo."

"Na nyumbani kulikuwa na karanga?"

"Sisi ni wakulima. Nilikuwa nabangua, naye amelala hapa." Fusae alionyesha ubavu wake. Kisha akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaificha chini ya meza.

Kuroiwa alieleza kwa maneno mepesi.

"Mwili wa mtoto mchanga unajifunza. Kitu kikija kwa mdomo, mara nyingi hujifunza kwamba hiki ni chakula. Kitu hicho hicho kikija kwa ngozi iliyochubuka, huweza kujifunza kwamba huyu ni adui. Ngozi yenye ukurutu ni kama ukuta wenye nyufa. Vumbi la chakula hupenya humo. Zamani tulidhani kuuzuia mdomo kunatosha. Watafiti wakawafuatilia watoto wachanga wenye ukurutu. Wengine walilishwa karanga laini mapema, wengine walinyimwa. Kati ya waliolishwa mapema, waliopata mzio walikuwa wachache zaidi, tena kwa tofauti kubwa."

"Kwa hiyo tuliufunga mdomo, tukaiacha ngozi wazi," Shiori alisema.

"Kwa hiyo ni mimi," Fusae alisema.

"Siwezi kusema hivyo, Mama Fusae. Hakuna daktari anayeweza kuapa. Watoto wengi wa Yachimata hulala kando ya magunia wasipate lolote."

"Lakini huwezi kuniambia kwamba si mimi."

Muuguzi alimtazama kwa huruma, na hakumdanganya. "La, siwezi."

Shiori alisema akitazama meza. "Kitabu nilikileta mimi. Nilikipigia mstari kwa wino mwekundu."

Kuroiwa aliwaeleza la kufanya kwa Wataru. Kwanza, ngozi yake itibiwe barabara, apakwe dawa na mafuta kila siku mpaka iwe laini, na anayempaka anawe mikono kwa sabuni. Pili, kwa kuwa ukurutu wake ni mkali na dada yake ana mzio, asionjeshwe karanga nyumbani kwa kubahatisha. Atapimwa, na kijiko cha kwanza atalishwa hapa. Tatu, akiivumilia, aendelee kula kidogo mara kadhaa kila wiki, bila kuacha. Iwe karanga iliyosagwa laini na kuchanganywa katika uji.

"Punje nzima kamwe," alisisitiza. "Mtoto mdogo hupaliwa na punje, na huko ni kufa kwingine."

"Tena na Nagisa yuko nyumba moja naye?" Shiori aliuliza.

"Ndiyo. Kwa hiyo Wataru atalishwa akiwa kwenye kiti chake, Nagisa akiwa shuleni. Kisha unamfuta, unaosha kijiko na meza. Ni kazi, sikufichi."

*

Kwa miezi mingi Shiori hakumwacha Nagisa peke yake na bibi yake. Hakulisema jambo hilo, na Fusae hakuliuliza. Alipokuja, alikaa sebuleni kama mgeni, akanywa chai, akarudi na basi la mapema. Nagisa mwenyewe alikuwa amebadilika. Alikataa dozi siku nyingine, akifumba mdomo na kugeukia ukutani. Na Fusae akinyoosha mkono kumgusa, mtoto alitazama kwanza mkono ule. Aliutazama kwa nukta moja tu, lakini Fusae aliihisi nukta hiyo kila mara.

Huko shambani alihamisha kazi ya kubangua. Magunia yote yaliingia ghalani, na mikeka ya sebuleni aliitoa yote, akaiweka mipya.

"Tukabangulie ghalani?" Umeno alilalamika. "Kwenye baridi ile? Tutaganda, tukutwe tumeshikana mikono kama wapenzi!"

"Vaa soksi mbili."

"Nimevaa tatu. Na mtoto mwenyewe hata haji hapa."

"Ndiyo maana haji," Fusae alijibu.

Umeno alimtazama rafiki yake, akaacha mzaha. Alilibeba gunia la kwanza kwenda ghalani yeye mwenyewe.

Ngozi ya Wataru ililainika kabla ya majira ya baridi kwisha. Vipimo vilipokubali, Shiori alimpeleka hospitalini kulishwa kijiko cha kwanza, akamwomba Fusae aende nao. Fusae alisimama nyuma, karibu na ukuta, mikono imefungwa kifuani. Kuroiwa alichanganya unga wa karanga katika uji. Wataru aliuonja, akakunja uso kama mzee aliyedhulumiwa, kisha akafungua mdomo kudai mwingine. Walimlisha kidogo kidogo. Wakangoja. Hakukuwa na baka, hakukuwa na kikohozi. Mtoto alilala.

"Kumbe ni rahisi hivi," Fusae alisema.

"Kwa huyu, Mama," Shiori alijibu. Akamshika mkono mkwe wake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba.

Siku hiyo hiyo Kuroiwa alimwomba Fusae ushauri. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba masharti waliyafundisha kwa wazazi tu.

"Katika nyumba zenu, nani huwasha maji ya kuoga?"

"Bibi. Au babu."

"Basi tunataka kuwaita hao. Tuwaambie nini wasikie?"

Fusae alifikiri. "Msiwaambie mtoto apumzike. Kila mtu ana pumziko lake. Waambieni: asiingie majini. Na waambieni kwa nini. Mzee akiambiwa sababu, hukumbuka."

Nagisa alirudi kwenye dozi zake, kwanza kwa kulia, baadaye kwa kununa, mwishowe kwa kuzoea. Ilichukua zaidi ya mwaka na nusu kuifikia dozi aliyokuwa nayo siku ile ya yuzu, na miezi mingine kuipita. Katika majira ya joto, alipokuwa na miaka minane, alijaribiwa hospitalini akavumilia nusu ya punje. Daktari aliwakumbusha kwamba mzio haujapona. Aendelee na dozi, asile karanga nyingine yoyote, na sindano yake isibaki nyuma. Lakini vumbi lililosahaulika au kijiko kilicholambwa kwa bahati mbaya havikuwa tena hatari ile ile.

Mwezi wa Agosti, ghala likiwa limefungwa na shamba likiwa bado la kijani, Nagisa alikuja kulala kwa bibi yake. Godoro lililotolewa kabatini lilikuwa la mtoto mchanga. Miguu yake ilitokeza nje kuanzia magotini, naye akacheka sana. Fusae alikwenda kuazima jingine kwa Umeno.

Jioni aliwasha maji, akachukua taulo mbili.

"Moja tu, Bibi," Nagisa alisema, akiona haya kidogo. "Mimi sasa naoga mwenyewe."

"Ndiyo, ndiyo. Umeshakuwa mkubwa."

Fusae alirudisha taulo moja kabatini. Alikaa sakafuni nje ya mlango wa bafu, akasikiliza maji yakimwagika na mtoto akijiimbia, mpaka alipotoka.

Tangu mwaka ule, katika nyumba ya Fusae karanga hubanguliwa ghalani tu, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto yeyote. Wataru hula uji wa karanga kila wiki. Nagisa huoga kwanza, hula chakula cha jioni, ndipo hupewa dozi yake, kisha hukaa karibu na bibi yake mpaka saa mbili ziishe.